Kitambaa cha Jeneza Darasani

Saa nane mchana Eddah alifungua sanduku kutoa sare yake ya kwaya, akakuta kitambaa hakipo. Alimwaga nguo zote kitandani, akazikung'uta moja moja. Hakipo.

Kilikuwa kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu alioudarizi mwenyewe. Miezi saba iliyopita kilifunika jeneza la mwanawe Karisa, kibarua aliyeangukiwa na kifusi machimboni Mwakirunge. Mamake Eddah, kule Ganze, alimfunza kwamba kitambaa cha namna hiyo hufuliwa, hukunjwa, hukaa sandukuni hadi ibada ya kumbukumbu ya mwaka. Kumfunika nacho mtu aliye hai ni kumwandikia zamu ya kufa.

Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na bintiye Sidi wa Kidato cha Nne. Na Sidi alikuwa na siku mbili akizungumzia setibuku yao ya mtihani, tamthilia iliyotafsiriwa kutoka lugha ya nchi moja ya baridi kali. Leo darasani wangeigiza onyesho la maziko. Sidi ndiye angekuwa maiti. Eddah alikuwa akikaanga viazi karai vya kuuza, akaitikia tu. Sasa maneno yote yalimrudia kwa pamoja.

Miaka kumi na miwili ya ujane, akiuza viazi pale Kiembeni, hakuwahi kwenda shuleni ila kwa kuitwa. Leo hakuitwa. Alikwenda mbiombio, midomo ikimcheza. "Bwana Yesu, huyu niachie. Huyu tu."

Darasani meza zilikuwa zimesogezwa ukutani. Katikati, juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, alilala mtu amefunikwa utosi hadi nyayo. Msalaba mwekundu ulikuwa kifuani.

"Maiti, acha kucheka!" alipiga kelele Jefwa, mwanafunzi mmoja wa nyuma. "Watu wa Kiembeni hata kufa hamjui!"

Darasa likaangua kicheko. Eddah akapenya katikati yao, akakivuta kitambaa kwa mkono mmoja. Sidi akafumbua macho.

"Mama!"

"Inuka."

"Ningekirudisha kabla hujarudi..."

"Inuka, nimesema! Shule imekwisha leo. Utakaa nyumbani nikuone kwa macho yangu."

Mwalimu Chrispine, kijana wa bara aliyehamia pwani mwaka jana, alijongea polepole. "Shikamoo, mama. Mtihani ni wiki tatu zijazo. Tafadhali..."

"Marahaba. Una mtoto, mwalimu?"

"Bado."

"Basi nyamaza kidogo."

Sidi alishuka akilia. "Karisa ndiye aliyenisomea kitabu hiki, mama, likizo ile, kurasa zote. Nilitaka na yeye awepo."

"Ukalala ndani yake."

"Ndiyo, mama."

"Ukalala ndani yake, Sidi!"

Nadira, aliyeigiza mama wa marehemu, alikuwa bado ameshika kitabu wazi. Eddah alimgeukia. "Na wewe ulikuwa ukimwambia nini mwanangu?"

"Ni maneno ya kitabuni tu, mama. Wallahi."

"Yasome."

Nadira akasoma. "Msimlaze hapo. Ardhi imeganda. Nani atakuja kumfunika, naye hujifunua akilala?"

Karisa naye alikuwa wa kujifunua. Siku ya maziko Eddah aliwaomba wazee wa kanisa wamwekee blanketi ndani ya jeneza. Wakamwambia, dada, aliye kwa Bwana hahisi baridi. Akaona haya. Hakumwambia mtu yeyote tangu siku hiyo.

"Nani kaandika haya?"

"Mtu wa mbali sana, mama," alisema mwalimu. "Alikufa zamani. Sisi tunasoma tafsiri."

"Alizika mtoto, huyo," alisema Eddah.

Alikikunja kitambaa taratibu, pembe kwa pembe, akakibana kwapani. Kisha akajifungua leso ya mabegani.

"Mfunikeni na hii. Inanuka mafuta, lakini ni ya mtu aliye hai. Na uso msimfunike."

"Maiti hufunikwa uso, mama," alinong'ona Jefwa.

"Huyu hafunikwi."

Sidi akalala tena. Nadira akaanza upya tangu juu ya ukurasa. Eddah hakuketi kwenye kiti alichopewa. Alisimama palepale kando ya madawati, asisikie tena hata neno moja, akiitazama leso ikipanda na kushuka kifuani mwa bintiye, akiingoja kila pumzi.