Fundi Ziba na ufa wa mama mkwe

Saa mbili asubuhi, maji yamekupwa, na Fundi Ziba amelala kifudifudi juu ya ukuta wa bahari, kijiti alichoshika kimezama karibu chote ndani ya ufa. Nyuma yake, mlangoni pa jikoni, mama mkwe wake anamtazama bila kupepesa macho.

"Umemaliza?" anauliza.

"Bado, mama."

"Basi acha niendelee kufunga mzigo."

Ukuta huu ndio unaoikinga nyumba ya mama huyo. Walikubaliana: ufa ukifikia upana wa vidole vitatu, anahamia kwa fundi, mwenye vyumba viwili, mke na watoto wanne. Vidole ni vya mama mwenyewe, na anapima kila asubuhi. Wiki iliyopita vilifika viwili na nusu.

Jina la Ziba hakulipata kwa sifa. Mwaka jana ufa ulikuwa ukirusha maji juu, nguo za mama hazikauki kambani. Fundi akauziba kwa juu tu, akaondoka akipiga mluzi. Maji yalipojaa, wimbi la kwanza liling'oa kile kifuniko cha saruji na kukitupa kwenye sufuria ya maharage ya mama.

"Nilidhani adui ni maji," ananiambia mimi niliyekuja kumtazama akifanya kazi, akijifuta mchanga usoni. "Kumbe na hewa imo. Wimbi likivunjika hapa linaziba mdomo wa ufa, hewa inabanwa humo ndani. Haina pa kutokea, inasukuma mawe. Wimbi likirudi, linaondoka na saruji iliyolegea. Pulizia mfuko, ufunge, halafu uukalie. Utaelewa."

"Mimi nilielewa siku ya maharage," mama anadakia.

Safari hii ameanzia ndani kabisa, akishindilia saruji inayoganda upesi, kidogo kidogo, kwa kijiti. Leo ni siku ya tano. Anaogopa, na hafichi: anampenda sana mama mkwe, ila akiwa kwake.

Saa saba maji yamejaa. Wimbi linapiga, povu linaruka, ukuta umetulia tuli. Mama anainama, anatafuta pa kuingiza kidole, hapati.

"Mkwe wangu, umefanya kazi," anasema. "Mwaka mzima nilikuwa naogopa kuiacha nyumba peke yake. Sasa naweza kuja kwenu kupumzika. Mwezi mmoja tu. Mzigo si nimeshafunga?"

Fundi anaanza kukusanya vifaa vyake. Mpango wake sasa ni kuongeza chumba cha tatu.

"Na kisiwe na ufa," ananinong'oneza. "Anakuja na vidole vyake."