Meno Niliyombandika Baba

Jamani, hili jambo nimelificha miaka miwili, na hadi leo nikimwona mtu wa upande wa wakwe wa binti yangu sokoni pale Tarime napita njia nyingine kama mtu anayedaiwa, lakini acheni leo niliseme, maana aliyeaibika siku ile alistahili kuwa mimi peke yangu, na sikuwa peke yangu.

Mimi ni afisa mifugo. Kazi yangu, pamoja na nyingine, ni kufungua midomo ya ng'ombe huko Matongo na Nyangoto, nikaangalia meno ya mbele ya chini nikakwambia umri wake (juu mbele ng'ombe hana kitu, kama ulikuwa hujui). Baba yangu yeye ni kinyume cha ng'ombe: juu anayo yote, chini mbele hana hata moja. Sisi ni Wajaluo, asili yetu Rorya, na enzi zao kijana hakuhesabiwa mtu mzima mpaka atolewe meno sita ya chini. Siku hiyo ametusimulia tangu tukiwa wadogo: alivyokaa chini, kisu kikaingia, ganzi hakuna, wenzake wawili wakakimbilia porini, yeye hakutikisika hata ukope, na mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mzee wangu hana cheti cha shule wala medali ya jeshi. Alichokuwa nacho ni lile pengo.

Sasa binti yangu Atieno akapata mchumba, kijana mzuri tu, Mjaluo mwenzetu, ila wazazi wake ni watu wa Mwanza miaka mingi, wana nyumba ya ghorofa na mama yake anafundisha chuo. Wakatuma habari kwamba watakuja kwangu Turwa kujitambulisha. Mke wangu akaanza kuhesabu viti, mimi nikaanza kumtazama Baba anavyocheka. Nitasema ukweli, nilimwonea aibu. Nikamwona kwa macho ya wageni ambao hata hawajafika, nikajiambia watatuona washamba.

Nikamwambia mke wangu kwamba nitampeleka Mzee Mwanza akawekewe meno. Mama Atieno ni Mkurya wa Nyangoto, hana tabia ya kupunguza maneno.

"Mwache mzee wa watu na mdomo wake," akasema. "Mdomo huo umekula nyama kabla wewe hujazaliwa."

Sikusikia. Baba nilipomweleza akasema, "Kama wewe unaona ni vizuri." Tukapanda basi.

Daktari wa meno alikuwa dada mmoja mpole, mwenye subira. Akaeleza vizuri kabisa. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, hayo hayadhuru chochote. Halafu kuna daraja, ambalo halivuliwi, lakini ili likae lazima meno mazima ya pembeni, mawili kulia na mawili kushoto, yachongwe yawe nguzo zake, na jino likishachongwa halirudi. Tena pengo lenyewe ni pana, na yeye angeshauri yale ya kuvua. Mimi nikawa nafikiria hayo ya kuvua yakimchezacheza mdomoni mbele ya mama wa chuo. Nikasema tunataka daraja.

Daktari akaniacha, akamgeukia Baba. "Mzee, shikamoo tena. Wewe mwenyewe unataka?"

Baba akanitazama mimi.

"Anataka," nikajibu.

Ndilo neno lenyewe hilo, wala si refu. Mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Baba akachomwa sindano ya ganzi, meno yake manne mazima, ambayo hayajawahi kumuuma hata siku moja, yakasagwa yakabaki visiki. Wakachukua vipimo vya daraja lenyewe, litakuwa tayari baada ya wiki tatu, na kwa muda huo wakambandikia la plastiki kwa saruji laini, kwa masharti kwamba asing'ate kitu kigumu kwa mbele. Njiani kurudi hakuzungumza. Nilidhani ni ganzi.

Nyumbani nikaona maneno yanamtoka na mluzi, maana ulimi wake ulikuwa umezoea nafasi yake. Kwa hiyo nikaongeza sharti la kwangu (daktari hakulisema kabisa): siku ya wageni asizungumze sana, atabasamu tu. Hebu fikiria, namfundisha mzee wa zaidi ya miaka themanini namna ya kukaa na wageni.

Wageni wakaja, turubai limefungwa, mbuzi kachomwa. Mama wa kijana alipomsalimia Baba akafurahi kwa dhati, akasema, "Jamani, baba ana meno mazuri, kwa umri huu!" Hapo ningeweza kusema asante nikanyamaza. Lakini mimi kwa kiherehere changu nikakohoa kidogo, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Ukoo wetu ndio ulivyo, mama. Meno ya Mzee hayajawahi kuguswa."

Sasa kulikuwa na babu wa kijana, Mzee Okech, waliyempitia Rorya asubuhi ile, na alikuwa amekaa mkabala na Baba, kimya, kofia magotini. Aliposikia maneno yangu akainua kichwa, akamtazama Baba mdomoni kwa muda mrefu, akacheka. Na alipocheka nikaona pengo lake, chini mbele, meno sita hayapo, safi kabisa kama la Baba lilivyokuwa.

"Omera!" akamwambia Baba, kama mtu anavyomwita ndugu yake. "Hayajaguswa? Kumbe wewe ni katika wale waliokimbia!"

Vijana wakacheka, kwao ulikuwa utani wa wazee. Wazee wa upande wetu, wanaoijua hadithi, hawakucheka. Baba aligeuza shingo polepole akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama, na nilielewa vizuri kabisa anangoja nini. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Mimi nikainuka, nikachukua chupa ya soda, nikaanza kuwamiminia wageni, hata waliokuwa wamejaza glasi.

Nyama ikaletwa. Baba aliwekewa vipande laini vilivyokatwakatwa kwa ajili yake, akavisogeza pembeni. Akachukua mfupa wa mguu, akaushika kwa mikono miwili, akauingiza katikati ya mdomo pale pale alipokatazwa, akang'ata. Mlio ule ulisikika turubai zima. Akatema kiganjani, akasimama, akaja mpaka nilipo na chupa yangu ya soda, akaweka lile daraja la plastiki kwenye sahani yangu, juu ya ndizi.

"Haya ni ya mwanangu," akasema, na mluzi haukuwepo tena. "Ya kwangu yaling'olewa. Mimi sikukimbia."

Nimeshawahi kupigwa teke na fahali mbele ya kata nzima. Ningepokea mateke kumi badala ya ile sahani.

Mtu akampa Baba maji asukutue mdomo, maji ya kwenye friji, kwa nia njema. Yalipogusa vile visiki alishtuka mwili mzima, glasi ikaanguka, na macho yakamjaa machozi. Baba yangu! Mtu aliyekatwa kwa kisu asitikisike, namwona analia kwa maji baridi, mbele za watu, na ni mimi niliyemfikisha hapo. Mzee Okech akainuka akamwinua kidevu, akachungulia.

"Na haya mazima," akauliza, "nani ameyachonga?"

Atieno, aliyekuwa mlangoni kwenye nguo yake mpya, akaanza kulia, maana aliona uchumba wake unavunjika. Nami nikafungua mdomo wangu mwishowe, nikasema, "Mimi. Daktari alimuuliza yeye, nikajibu mimi."

Okech hakunigombeza, na hilo ndilo liliuma zaidi. Alinipita kana kwamba mimi ni kiti. Akawaambia watu wake kwamba kabla ya kusema habari ya watoto kuna jambo la kwanza, kwamba amemtukana mwenzake mbele ya familia yake. Akamshika Baba mkono, akamwita jaduong', jina la heshima kwa mzee, akaomba radhi. Kisha akabeba kiti chake mwenyewe akakiweka kando ya Baba, na wale wawili wakapanga shughuli yote iliyobaki kwa Kijaluo, vichwa vimegusana, wakicheka. Mimi baba wa binti sikuulizwa kitu. Mke wangu alipopita na sinia aliniangalia tu, na siku hiyo hata yeye alipunguza maneno.

Wiki ile ile nikampeleka Baba tena Mwanza. Mlangoni kwa daktari akanionyesha benchi. "Wewe kaa hapa," akasema, akaingia peke yake. Nilikaa pale nikisikia sauti yake ndani ikijibu kila swali. Alipotoka akanipa habari kwa ufupi: visiki vyake vinne vitavikwa kofia, kila kimoja ya kwake, ili visiume, na pengo libaki pengo. Lile daraja la kudumu nililomwagizia limo kwenye kabati langu la dawa za mifugo, halijawahi kuingia mdomoni mwa mtu.

Kofia zimekaa vizuri, anatafuna vizuri, lakini hazikuwa za lazima, na hilo sijui nitalifuta vipi. Baba hajalitaja tena hata mara moja. Mimi nimejiwekea nadhiri: mtu akimuuliza Baba jambo, hata kama ni chai au uji, nangoja ajibu yeye, hata ikichukua nusu saa.

Atieno ameolewa. Picha ya harusi ipo sebuleni, Baba na Mzee Okech wamekaa katikati, wanacheka midomo wazi, mapengo mawili yamepangana, na mimi nyuma yao nimebana midomo kabisa. Wageni huuliza mbona nimenuna siku ya binti yangu. Nawaambia sikununa, ndio kwanza nilikuwa najifunza kunyamaza.