Mafuta ya Sista

Ashukuriwe Mungu, aliyenifikisha uzeeni nikiona wajukuu.

Juzi mjukuu wangu alipakwa dawa ya tyubu kwenye kidonda cha goti, na harufu yake ikanirudisha kijijini kwetu Matiri, mchana mmoja nikiwa msichana mdogo. Jembe lilikuwa limenikata mguu kwenye shamba la kahawa, kidonda kikatunga usaha. Mama akanipeleka zahanati ya misheni. Sista alikiosha, akanipaka dawa taratibu kwa kidole, kisha akamkabidhi mama tyubu.

Nikauvuta mguu nyuma. Wiki ile padre alikuwa amempaka babu mafuta ya wagonjwa vilevile, na kesho yake tukamzika.

Njiani sikutulia. Nilikaa, nikainuka, nikaifuta dawa kwa jani la mgomba.

“Mama, nitazikwa karibu na babu?”

Mama alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. “Uzikwe, halafu mahindi apukuchue nani?” Akanipaka upya, kisha akajipaka na yeye mkononi. “Haya, kama ni kufa, tufe wote.”

Ndipo nikatembea.

Leo najua ilikuwa dawa ya kuua vijidudu tu. Kovu ninalo, mama ametangulia. Nawe unayesoma, Mungu akujalie mtu wa kukupaka dawa, na kujipaka pamoja nawe.