Ulimi wa Bibi Luciana

Nimechoka kusikia watu wakisema Bibi Luciana aliwaua wajukuu zake. Wengi wanaosema hivyo hawakuwa wamezaliwa, na waliokuwepo walikunywa maji yale yale huku wakishangilia. Mimi, Laurenti, ndiye niliyekuwa katibu wa kijiji. Kama lawama inatafuta mwenyewe, ianzie kwangu.

Luciana alikuwa mpika chumvi. Kabla ya vijiji vya ujamaa aliishi na binti yake upande wa Misigiri, akizoa udongo wa mbuga, akiuchuja kwa maji na kuyachemsha mpaka chumvi ibaki chunguni. Ulimi wake ulijulikana mpaka Shelui. Ukimletea magadi, aliweka punje moja mdomoni, akafumba macho, kisha akakwambia yametoka mbuga ipi. Kama umeyachanganya na majivu, alikwambia hilo pia, tena mbele za watu. Walanguzi walimwogopa kuliko polisi. Na ilikuwa desturi yetu kwamba mtu akichimba kisima, kata ya kwanza ya maji hanywi yeye, anapelekewa Luciana. Akisema kunyweni, watu walikunywa. Akitema, kisima kilifukiwa siku hiyo hiyo.

Mwaka 1974 tulihamishwa. Mahali tulipopelekwa palikuwa na mgodi wa dhahabu uliofungwa tangu enzi za mkoloni. Wenye mgodi walikwenda zao wakatuachia vitu viwili: kilima cha mchanga mweupe, laini kama unga, uliosagwa kwenye kinu chao, na kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Pampu ile ilitutoa machozi. Wanawake wetu walikuwa wamezeeka wakifukua maji kwenye mchanga wa korongo, na sasa maji yanatoka kwa kusukuma chuma.

Nilitakiwa kupeleka wilayani taarifa ya maji. Nikajaza kata, nikampelekea Luciana.

"Shikamoo, bibi. Haya, twambie."

"Marahaba." Akaonja, akayazungusha mdomoni, akameza. "Matamu. Hayana chumvi, hayana magadi."

Nikaandika kwamba maji ni salama kwa binadamu na mifugo. Nikagonga muhuri.

Mwaka wa pili viganja vyetu vikaanza kuota vinundu vigumu kama punje za mtama. Watu wengine wangeshtuka. Sisi, watu wa shamba la pamoja, tulichekana. Mwenyekiti alisimama mkutanoni akainua kiganja chake, akasema huo ndio ushahidi wa mfanyakazi, mwenye mikono laini ni mnyonyaji. Tukapiga makofi kwa viganja vile vile vibovu. Nikikumbuka makofi yale, hasira hunipanda mpaka leo.

Luciana alikuwa na mtoto mmoja tu, Leah, aliyeolewa hapo hapo kijijini. Mtoto wa kwanza wa Leah alifariki akiwa na miezi mitano, kwa kutapika na kuhara. Mimba ya pili ilitoka. Alipopata ya tatu akaanza kudamka kwenda korongoni, mwendo wa saa mbili, na kurudi na ndoo moja ya maji ya tope. Alisema ya pampu yanamsokota tumbo. Kijiji kizima kikamwona ana majivuno, na mama yake akaona amevuliwa nguo hadharani.

Nilikuwepo siku Luciana alipomzuia mlangoni.

"Unabeba tope na tumbo hilo? Unataka kuzalia njiani?"

"Mama, maji ya pampu siyawezi."

"Nimeyaonja mwenyewe! Ulimi wangu umemdanganya nani?"

Leah akanitazama, akitaka nimsaidie. Nami nikasema, "Msikilize mama yako, Leah. Hata wilayani wanajua maji haya ni salama." Wilayani walijua kwa sababu mimi ndiye niliyewaandikia. Leah akaitua ndoo, na kuanzia siku hiyo akanywa maji ya pampu.

Alijifungua mimba ikiwa ya miezi minane. Alikuwa mtoto wa kiume, mzuri, mwenye nywele nyingi, na hakulia.

Wiki chache baadaye alikuja bwana afya kukagua vyoo. Alipotusalimia kwa mkono, aligeuza viganja vyetu kimoja kimoja. Akajaza chupa maji, akafunga na mchanga kidogo kwenye karatasi, akaondoka. Barua ilichukua miezi mitano kufika. Ilisema mchanga wa mgodi una sumu, mvua huishusha ardhini mpaka kisimani, na sumu yenyewe haina rangi, haina harufu, haina ladha. Pampu ikafungwa mnyororo.

Nilikwenda kumsomea Luciana barua ile. Alikuwa akichambua mboga. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Haina ladha?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mliniuliza nini mimi?"

 Yeye alisema matamu. Neno salama lilikuwa langu, na lilikuwa la uongo, maana hakuna aliyejua. Nililia pale pale, mtu mzima, na yeye hakuninyamazisha.

Tangu hapo aliacha kupika chumvi. Kila alfajiri alikwenda korongoni kwa miguu yake ya kizee, akarudi na ndoo, akaiweka mlangoni kwa Leah. Leah aliichukua baada ya mama kuondoka. Hawakusemezana karibu miaka miwili.

Kisima kipya kilichimbwa 1979, mbali na mgodi. Safari hii karatasi ya vipimo ilitangulia. Hata hivyo wazee walileta kata ya kwanza kwa Luciana, kwa mazoea. Akaficha mikono nyuma, akatikisa kichwa. Leah akapenya katikati ya watu, akaichukua kata na kuisogeza mdomoni mwa mama yake.

"Onja, mama. Usipoonja, sinywi."

Luciana akaonja. Akafumba macho kama zamani.

"Sisikii kitu, mwanangu. Sisikii kitu tena."

Leah akainywa kata yote, akamshika mama yake mkono, wakaenda nyumbani. Hakupata mtoto mwingine.