Fungu letu la shimo

Kijana anayenifundisha kununua hisa kwa simu anasema nisiweke akiba yangu yote kwenye kampuni moja. Ninaitikia, lakini jirani anachemsha mawese, harufu inaingia dirishani, na simsikii tena.

Kwetu Salamabila, fungu la shimo la dhahabu lilinunuliwa kwa chakula. Uliwalisha wachimbaji mpaka wafikie mawe yenye dhahabu. Ukiacha kabla, fungu lako lilikwenda kwa mwingine. Mama alichagua shimo moja tu, kwa sababu lile la pembeni yake lilikuwa limetoa dhahabu. Mdogo wake alimwambia, "Dada, lisha mashimo matatu, kidogo kidogo."

"Nikigawa, hakuna watakaoshiba," mama akajibu. Mbuzi wetu wakaliwa kule, kisha mpunga wa ghalani.

Mvua ikajaza shimo. Asubuhi nilipeleka sufuria ya wali na mawese, nikakuta wachimbaji wamekaa kando ya maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa. Pampu ya kuvuta maji ilikuwa imekufa. Walikula bila kunitazama. Mmoja akaiosha sufuria kwa maji yale yale, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nyumbani mama alikuwa anapuliza moto.

"Mama, maji iko mingi. Hakuna mutu anashuka."

"Walikula yote?"

"Yote."

"Basi wako na nguvu," akasema, akamimina kwenye kinu mpunga tuliouweka kwa ajili ya kupanda.