Siku Jina Langu Lilipoitwa Asembo

Kila nisikiapo mtu akisifiwa kwamba asipokuwepo kazini hakuna kinachokwenda, nakumbuka Jumamosi moja kule kwetu Asembo, siku tuliyomzika dani. Sogea karibu, mwanangu, nikusimulie. Wewe unaanza kazi hii ya kuandika programu za kompyuta wakati mimi nakaribia kuiacha, na juzi uliniuliza swali ambalo sikukujibu vizuri. Uliuliza ufanye nini ili usije ukaonekana huna maana, sasa ambapo mashine zenyewe zinaandika programu. Nilikuomba unipe muda nifikirie. Nimefikiria, na jibu langu linaanzia matangani.

Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo. Huyu wangu alinilea tangu mama alipofariki. Alikuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, ufuoni, akiwaanika kwenye nyavu kuukuu, na wakishakauka anawapeleka sokoni. Harufu ya omena ndiyo harufu ya karo yangu ya shule. Miezi yake ya mwisho, nilipomtembelea, alinishika kifundo cha mkono akasema, "Ouma, siku yangu ikifika usiniache nisemewe na watu wasionijua. Uje unisemee wewe." Nikamwahidi. Na ahadi ni deni, mwanangu, hata aliyeahidiwa akiwa hayupo tena kudai.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kutajika mjini Kisumu, au ndivyo nilivyojiona. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Tuliandika programu ya zahanati, ya kumwezesha muuguzi kuona mgonjwa huyu alipewa dawa gani, lini, na kiasi gani kimebaki kwenye kabati. Zahanati za Maseno, za Sondu na kwingineko zilikuwa zikiitumia, na moyo wa programu ile niliuandika mimi peke yangu.

Niliuandikaje? Hapa utacheka, na ucheke tu. Kila sehemu ya programu hupewa jina, ili atakayeisoma baadaye ajue kazi yake. Mimi nilizipa majina ya samaki wa ziwa letu. Sehemu yenye majina ya wagonjwa niliiita ngege. Ya akiba ya dawa niliiita omena, kwa kuwa vitu vyake vilikuwa vidogo na vingi. Na ile iliyofuta kumbukumbu zilizopitwa na wakati niliiita mbuta, yule samaki mkubwa anayemeza wenzake. Ilikuwa mzaha mwanzoni. Kisha niligundua kwamba mzaha ule ulikuwa na faida: hakuna mwingine aliyeweza kuigusa kazi yangu.

Tulikuwa na msichana aliyeitwa Akoth, aliyekuwa ametoka chuoni karibuni. Alikuja mezani kwangu mara nyingi. "Ndugu Ouma, hebu nieleze, mbuta anamla nani?" Nami hujibu, "Utaelewa tu polepole." Naye hurudi kwenye kiti chake. Mkubwa wetu wa kazi, Bwana Wafula, alikuwa akiwaambia wageni, "Bila huyu kijana, sisi tungefunga." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikulitia maji, lakini nilikifunika kibuyu ili mwingine asione ndani.

Basi dani akafariki. Nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani, nikazima simu.

Jumamosi ya mazishi watu walijaa. Hema zilifungwa uani, spika zikawekwa juu ya meza, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekaa na jamaa zangu, nikirudia kimoyomoyo maneno yangu, gari lilipoingia. Wakashuka Bwana Wafula na Akoth. Watu wetu wakawapokea kama waombolezaji. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ambaye sisi humwita waya, akawaletea viti na chai. Nami nikaguswa sana kwamba wamekuja kote huko kunipa pole. Kisha nikaona mkoba wa laptopu begani mwa Akoth.

Bwana Wafula alivua kofia. "Ouma, ndugu yangu, pole sana. Nakuomba unisamehe, sikuja kwa mazishi. Programu imeharibika tangu jana jioni. Mgonjwa huyu anaonyeshwa dawa za mgonjwa yule. Zahanati zimeacha kutoa dawa, zinaogopa kumpa mtu kitu kitakachomdhuru. Watu wamekaa kwenye mabenchi tangu asubuhi."

Akoth hakuinua macho. "Nilijaribu. Nilifika kwa mbuta nikaogopa. Sikujua nikimgusa atameza nini."

Nikwambie ukweli, mwanangu, maana uongo hauna faida kwa umri huu. Kabla sijaona uchungu, nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi, kama mtu anavyopepesa jicho, lakini ilikuwepo. Binamu yangu mmoja akanipiga bega, akasema kwa sauti ili wengine wasikie, "Aisee, Ouma, wewe sasa ni kama waziri. Hata matangani unafuatwa na gari!" Watu wakacheka kwa heshima. Nami nikatabasamu, jeneza la dani likiwa mbele yangu.

Kisha nikakumbuka ahadi, na tabasamu likakauka.

Ningefanyaje? Wagonjwa walikuwa wagonjwa kweli. Pale nyumbani mtandao haukushika, ulishika tu juu ya kilima, karibu na shule ya msingi. Nilimwendea waya, nikamweleza. Aliniangalia, akaniangalia tena, akasema, "Nenda. Ukimbie kurudi."

Tulikaa chini ya ukuta wa shule, laptopu magotini. Kilima kile kinatazama nyumbani kwetu, na spika za matanga, unazijua, hazijui siri. Nilisikia kila kitu. Nilisikia wimbo wa kanisa la dani. Nilisikia mchungaji. Nilisikia majirani wakimsemea, wengine waliomjua na wengine waliojua tu kwamba chakula kingeandaliwa. Vidole vyangu vilikuwa kwenye vitufe, nikimtafuta samaki aliyepotea njia.

Kisha mshereheshaji akasema, "Sasa tunamwita mjukuu wa marehemu, Ouma. Ouma, njoo mbele."

Jenereta tu.

"Ouma yuko wapi?"

Akoth alisema polepole, "Nenda, ndugu Ouma. Nieleze kwa kifupi, mimi nitamalizia." Lakini hakuna kifupi kwa kitu ulichokificha miaka. Ningemwelezaje ziwa zima kwa dakika moja? Nikatikisa kichwa, nikaendelea.

Ndipo nikasikia sauti ya waya kwenye spika. "Ouma yuko karibu," alisema. "Ana wagonjwa anawahudumia. Mama yangu alimlea awe mtu wa kusaidia watu, na hata leo anasaidia. Tuendelee." Na wakaendelea. Wimbo wa kushusha jeneza ulianza, nami nikiwa pale juu, machozi yakidondoka kwenye vitufe, Akoth akiyafuta kwa ncha ya leso yake ili kompyuta isiharibike.

Nilipomaliza nilikimbia kweli. Kaburi lilikuwa limejazwa. Vijana walikuwa wakiondoka, ila beleshi moja lilikuwa limesimamishwa ubavuni, na kwenye ukingo waliacha udongo kiasi. Mmoja wao akaniambia, "Waya alisema tusimalize. Huu ni wako." Nikachukua beleshi. Maneno niliyomwandalia dani nikayasema kwa udongo, bila spika. Alisikia? Sijui. Nilitamani watu wasikie kwamba yule mama wa omena alikuwa akinisikiliza nikirudia masomo yangu jioni huku hajui kusoma, akisema, "Nieleze mimi. Nikikuelewa, basi na wewe umeelewa." Umesikia, mwanangu? Yeye alikuwa ameshanifundisha kazi yangu, nami nilimzika bila kukumbuka somo.

Waya hakunikemea siku ile. Mbele za watu alikuwa amenifunika kwa maneno yake kama kwa shuka. Alingoja Jumapili, wageni wamepungua, tunasugua masufuria makubwa kwa majivu.

"Ouma," alisema, "jana ulimwona Min Awuor, yule mama wa jirani, akisonga ugali wa wageni?"

"Nilimwona, waya."

"Mtoto wake alilia. Akaachia mwiko, akaenda. Min Akinyi akaushika. Baadaye Min Akinyi naye akaenda kumlilia mama, nikaushika mimi. Ugali haukujua kwamba mkono umebadilika." Akageuza sufuria, akaendelea kusugua. "Huko kwenu kazini, mna mwiko mmoja na mtu mmoja tu anayejua kuushika?"

Nikazidi kusugua sufuria langu.

"Nilidhani wale wamekuja kwa sababu wanakuheshimu," akasema. "Kumbe umejifunga mwenyewe kama mbuzi, na kamba wameishika wao. Mwanangu, mtu asiyeweza kuondoka si mkubwa." Kisha akanisukumia sufuria nyingine. "Sugua hii. Usilie ndani yake, itapata kutu." Nikacheka huku nalia, naye pia.

Jumatatu nilivuta kiti, nikakaa karibu na Akoth. Tulipitia programu yote, samaki mmoja baada ya mwingine, tukiwapa majina ya kazi wanayofanya. Nilikuwa nikieleza kama nilivyokuwa nikimweleza dani, na pale nilipokwama nilijua kwamba hata mimi sikuwa nimeelewa. Akoth alishika kichwa. "Kumbe ngege ni wagonjwa! Mimi siku zote nilidhani ni daktari!" Tulicheka hadi Bwana Wafula akatoka chumbani mwake. Kazi ile ilituchukua majuma mengi. Katikati yake Akoth aligundua kosa ambalo mimi, fundi mkuu, nilikuwa nimelipita kila siku. Ndilo lililokuwa chanzo cha ile Jumamosi; kule kilimani nilikuwa nimeziba ufa tu.

Baada ya mwaka mmoja tulimfanyia dani ibada ya kumbukumbu. Watu wakarudi, hema zikarudi, na spika zile zile. Jina langu lilipoitwa, nilisimama. Nilimsemea dani hadi waya akanifanyia ishara ya kwamba sasa yatosha, watu wana njaa.

Niliporudi Kisumu, nilisikia kwa muuguzi mmoja wa Sondu, si kwa mtu wa ofisini, kwamba programu ilikuwa imeharibika tena siku ile ile ya ibada, na ikatengenezwa kabla ya foleni kurefuka. Nikamwendea Akoth. "Kwa nini hukunipigia simu?"

Hakugeuka hata kutoka kwenye kioo cha kompyuta yake. Nilikuwa nimemsimulia habari ya waya na masufuria. "Nikupigie ya nini? Mwiko ulikuwa mkononi mwangu."

Mwanangu, nimepata sifa nyingi katika kazi hii, lakini sijasikia neno tamu kuliko hilo.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Shule zetu zilitufundisha kufunika karatasi kwa kiwiko, ili jirani asione jibu letu akatupita kwa nafasi. Tukabeba kiwiko kile hadi kazini. Hebu kiondoe. Kazini hakuna nafasi ya kwanza. Kuna foleni ya watu kwenye benchi wanaongoja dawa. Ukijua jambo, lifundishe wiki hiyo hiyo, hata kwa yule unayemwogopa kwamba atakupita. Akikupita, umepata mtu wa kukushikia mwiko. Andika kazi yako kwa majina ambayo mgeni atayaelewa ukiwa umelala.

Na hizi mashine zinazoandika zenyewe, usizichukie wala usiziabudu. Zitumie, zina kasi. Lakini zikikuandikia kitu, usikipeleke kwa wagonjwa mpaka uwe umeweza kumweleza mtu kama dani, kwa lugha ya nyumbani kwenu, kinafanya nini. Usipoweza, basi umejaza ofisi samaki wasiojulikana, na safari hii hata aliyewapa majina hayupo wa kufuatwa kwa gari. Watu watakuhitaji, usiogope. Watamhitaji daima anayeelewa na akaeleza. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe na kasi ya umeme.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe kazi inayokulisha, na wenzako unaoweza kuwaachia kazi hiyo bila hofu. Akupe waya wa kukufunika mbele za watu na kukwambia ukweli kwenye masufuria. Na siku jina lako litakapoitwa na watu wako, iwe ni kwa furaha au kwa msiba, ikukute uko karibu, mikono mitupu, uitike.