Majina Yaliyoandikwa Pumu

Yusta Shemdoe ndiye aliyeandika neno "pumu" kwenye kadi ya mdogo wake, kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miaka saba hakuna aliyelitilia shaka, hata yeye.

Mdogo wake aliitwa Shukrani. Walizaliwa katika kijiji kilichojibana kwenye ukingo wa milima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mtae, mahali ambapo ukungu ukiinuka asubuhi unaiona tambarare ya Mkomazi iko chini kabisa ya miguu yako. Yusta alisomea uuguzi, akapangiwa zahanati ya kijiji hicho hicho, na wazee wakafurahi kupata nesi wa kumweleza maumivu yao kwa Kishambaa bila mkalimani. Shukrani alibaki kulima viazi na kabichi. Alikuwa mcheshi, na kwaya ya usharika ilimtegemea kwa sauti ya kwanza, lakini tangu usichana wake alipanda mlima kwa vituo. Akifika nusu ya njia ya kutoka kisimani hutua ndoo, hushika kiuno, hucheka.

"Tangulieni," huwaambia wenzake. "Mimi nayasubiri mapafu yangu, yamebaki nyuma."

Yusta alimpa vidonge vya pumu, kama alivyowapa wengine wote waliokuja wakihema.

Shukrani aliolewa, akashika mimba. Mwezi wa saba miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali. Gari lilichukua saa tano kumfikisha hospitalini kwa barabara ile. Mtoto alizaliwa hai, akachukuliwa na bibi yake mzaa baba. Shukrani hakuimaliza siku.

Daktari aliyempokea, mtu mzima mwenye sauti ya chini aitwaye Ismaili Hoza, alimketisha Yusta kwenye benchi la nje.

"Wewe ni mwenzetu kazini, kwa hiyo sitazunguka," alisema. "Mdogo wako hakuwa na pumu. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umekakamaa na kusinyaa. Damu ilikuwa haipiti vizuri, inarudi nyuma mpaka kwenye mapafu, ndiyo maana alikuwa anahema. Mimba ikaongeza mzigo."

"Ulianza lini, daktari?"

"Utotoni. Mtoto anaumwa mafindofindo, hatibiwi ipasavyo. Koo linapona, lakini ule ugonjwa unaacha kidonda moyoni. Mara nyingi hakuna anayejua mpaka mtu akue."

"Na ungejulikana mapema?"

"Ipo sindano ya penisilini ya kila mwezi. Inazuia koo lisirudi kuumwa, moyo usiharibike zaidi. Wapo watu wanaoishi hivyo miaka mingi."

Yusta hakulia pale. Alirudi kijijini, akazika, akakaa matanga. Wiki ya tatu alifungua kabati la zahanati, akatoa rejesta za wagonjwa za miaka kumi na moja, akaanza kusoma mstari kwa mstari. Alitaka kujua jambo moja tu: ni wangapi wengine aliowaandikia pumu?

Walikuwa sabini na mmoja.

Kila Jumamosi baada ya kazi alivaa viatu vya mpira, akawafuata majumbani. Kumi na tisa walikwisha kufa, wengi wao hawajafika miaka arobaini. Wanane walihama. Waliobaki aliwauliza maswali ambayo hakuwahi kuwauliza zamani: ulipokuwa mtoto uliumwa koo mara kwa mara? Viungo viliwahi kuvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko? Wengi walishangaa amejuaje.

Alipeleka majina yale kwa Daktari Ismaili. Wakaandika pamoja ombi kwa mfuko mmoja unaogharimia utafiti wa magonjwa ya moyo. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, la heshima na fupi: hakuna takwimu zinazoonyesha ukubwa wa tatizo katika eneo hilo.

"Unaona?" Daktari alisema, akiiweka barua mezani. "Hawatupi kipimo mpaka tuwape takwimu, na takwimu hazipatikani bila kipimo. Nimelipigia kelele jambo hili tangu sijaota mvi."

"Basi tuazime kipimo," Yusta alijibu.

Daktari alimtazama, kisha akachukua simu. Rafiki yake aliyesoma naye, daktari wa moyo Dar es Salaam, alikubali kuja na mashine ndogo kwa siku nne za likizo yake. Yusta alizunguka vitongojini kuwaita watu wake mmoja mmoja. Walikuja thelathini na tisa. Mmoja alibebwa kwa machela. Kati yao, kumi na saba hawakuwa na pumu hata kidogo. Walikuwa na moyo kama wa Shukrani.

Ombi la pili halikukataliwa. Waliitwa Dar es Salaam kuhojiwa, na Yusta akaingia katika chumba chenye kiyoyozi akiwa na sweta lake la Lushoto. Mama mmoja wa kamati, aliyekuwa akisoma karatasi zao kwa makini, aliinua macho.

"Dada Yusta, nisaidie kuelewa. Kwa nini fedha za utafiti ziende mwisho wa barabara, wakati mjini wagonjwa ni wengi na hospitali ziko karibu?"

Daktari Ismaili alitaka kujibu. Yusta akamtangulia.

"Kwa sababu mjini mtu akikosewa, ana hospitali ya pili ya kwenda. Kwetu nikikosea mimi, amekosewa moja kwa moja. Mdogo wangu nilimkosea. Ninachotaka kujua ni kama nesi wa zahanati akifundishwa, akapewa kipimo, anaweza kuugundua ugonjwa wa moyo mapema. Jibu la swali hilo haliko mjini, mama."

Fedha zilikuja, za miaka mitatu. Kipimo chenyewe kiliingia kwenye mkoba wa begani: kifaa cha kushika mkononi, kilichounganishwa na kioo kama cha simu. Wiki ya kwanza ya mafunzo Lushoto, Yusta hakuona chochote isipokuwa kijivu kinachochezacheza, akawa anarudi bwenini macho yanamuuma. Wiki ya tatu aliiona milango ya moyo ikifunguka na kufunga. Alipoambiwa ametosha kwenda, aliomba wiki moja zaidi.

Wakaanza na shule za msingi. Mtoto analala juu ya meza mbili zilizounganishwa, mwalimu wa kike yuko pembeni, dakika kumi zimetosha. Katika shule ya nne ndipo alipompata Nasra, msichana wa miaka kumi na moja, binti wa Bakari, mkulima wa karoti na pilipili hoho bondeni. Mlango wa moyo wake ulikuwa umeanza kuwa mnene, na damu kidogo ilikuwa inavuja kurudi nyuma.

Bakari alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake, mikono ina udongo.

"Huyu? Sista, huyu ndiye anayeshinda mbio shuleni. Anapanda na tenga la karoti kutoka bondeni hapumziki. Leo unaniambia ana moyo mbovu?"

"Sijasema mbovu, Baba Nasra. Nimesema umeanza kuguswa. Mapema hivi hausikiki wala hauonekani kwa macho. Aje zahanati kila mwezi, siku ya Jumatano, achomwe sindano ya kuukinga."

"Na hiyo sindano, mpaka lini?"

"Miaka kumi. Pengine zaidi."

"Basi nimeelewa. Mmeletewa hela za utafiti, mnatafuta watoto wa kuwafanyia majaribio. Mtafuteni mwingine."

Mara ya pili hakufunguliwa. Mara ya tatu alikwenda na kadi ya Shukrani mfukoni, ile ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Alimkuta Bakari akifunga matenga, mkewe na Nasra wakimsaidia. Nasra akaamkia, "Shikamoo sista," na Yusta akaitika, kisha akampa baba yake kadi.

"Soma hapo. Mwandiko wa nani?"

"Wako."

"Mwenye kadi alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa anaimba, analima, anacheka. Nilikuwa na uhakika na nilichokiandika, kama ulivyo na uhakika wewe leo. Nilimzika. Sikuja kubishana nawe, Baba Nasra. Nimekuja kukuambia nilivyomkosea, ili wewe usimkosee huyu."

Bakari aliigeuza kadi, akairudisha. Nasra ndiye aliyeuliza.

"Sista, inauma sana?"

"Inauma sana, mwanangu, sikudanganyi. Utachechemea mpaka kesho yake."

"Halafu nitakimbia?"

"Halafu utakimbia."

Bakari alivuta kamba ya tenga, akaikaza. "Jumatano nitamleta mwenyewe," alisema. "Lakini siku nikisikia mmetuficha jambo, hata dogo..."

"Wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa."

Mwaka wa pili masika yalikuja vibaya. Mlima ulishuka juu ya barabara sehemu mbili, gari la dawa likakwama upande wa pili, na watoto thelathini na wawili walikuwa na sindano wiki ile. Daktari Ismaili alipiga simu kwamba pikipiki ingefika mpaka kwenye maporomoko, si zaidi. Yusta alikuwa anafunga kamba za viatu pale Bakari alipotokea na panga na koti la mvua.

"Njia ya bondeni unaijua?"

"Si vizuri."

"Ndiyo nimekuja."

Walitembea siku nzima katika tope, wakivuka vijito vilivyogeuka mito, na boksi la dawa likarudi likiwa limefungwa ndani ya koti la Bakari. Yeye mwenyewe alilowa mpaka mifupa. Watoto wote walichomwa isipokuwa wawili, ambao Yusta aliwafuata kwao keshokutwa yake.

Mwisho wa mwaka wa tatu wagonjwa wote walipimwa upya. Si kila habari ilikuwa njema. Mzee Tobia, yule aliyebebwa kwa machela, alikwisha kufa. Ugonjwa wake ulikuwa umechelewa kugunduliwa. Watoto watatu hali ilizidi, na mmoja wao, Silvano, alipelekwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, akarudi akijisifia kovu. Lakini wengi walikuwa vile vile au nafuu. Nasra alilala mezani, Bakari akiwa ameinama juu ya kioo kana kwamba yeye ndiye mpimaji.

"Ugonjwa umebaki pale pale," Yusta alisema. "Miaka miwili na zaidi, haujasogea."

"Haujasogea," Bakari alirudia. Akamwambia binti yake avae haraka, karoti zinangoja, kisha akatoka nje na kusimama ukutani muda mrefu akijifuta uso.

Wilaya ilikubali kuziingiza sindano zile katika huduma za kawaida za zahanati, na mfuko ukatoa fedha za awamu nyingine ili kazi ifike Usambara ya Mashariki, kwa wachuma chai wa Bulwa. Daktari Ismaili alimwombea Yusta ahamie mjini Lushoto, awe mratibu mwenye ofisi. Alikataa ofisi, akakubali kufundisha. Sasa kila mwezi husafiri siku mbili kwenda Bulwa, hukaa na manesi wa huko wakipima mioyo ya watu waliotoka shambani na harufu ya majani mabichi mikononi, na Jumanne jioni huwa amekwisha kurudi, kwa sababu Jumatano asubuhi watoto wake wa sindano wanapanga foleni zahanati, na hapendi wamkose.